ESANSI GANI KWA MOTOKARI INAYOPANDA MILIMA?



Wakati wa konji ukifika, jamaa nyingi za Kabondo hufunga mizigo kwenda kuwaona wazazi na ndugu upande wa mashariki. Barabara ya Ituri hutoka Kisangani ikapita Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa mpaka Komanda. Pale wengine hukata kwenda Bunia, wengine hugeuka kusini kwenda Beni na Butembo. Kisangani iko kwenye kimo cha metre 400 hivi juu ya bahari. Bunia iko karibu metre 1,250. Butembo imepita metre 1,700. Kwa hiyo motokari inayotoka kwetu haisafiri mbali tu, inapanda pia.

Kabla ya safari, mashofere huanza mabishano. Wa kwanza husema: «Kule juu hewa ni nyepesi, esansi ya bei ndogo inatosha.» Wa pili hujibu: «Hapana, mlima unataka nguvu, tia super.» Wa tatu hanyamazi naye: ana bido ya petroli, na anataka kuichanganya na esansi ili tanki ijae kwa makuta machache.

Nani ana haki? Wa kwanza ameshika nusu ya ukweli. Wa pili amekosa, lakini hasara yake ni ya mfuko tu. Wa tatu anaweza kuiunguza nyumba yake. Tuwaangalie mmoja mmoja.

OKTANI NI NINI?

Ndani ya moteri ya esansi, pistoni hupanda na kubana hewa iliyochanganyika na mvuke wa esansi. Buji hutoa cheche, na moto huenea ndani ya silinda kwa mpango, ukiisukuma pistoni chini. Hiyo ndiyo kazi njema.

Lakini mvuke ukibanwa sana na kupata joto kali, sehemu ya mwisho ambayo moto wa buji haujaifikia inaweza kulipuka yenyewe. Ndipo unasikia «ka-ka-ka» kama misumari inayotikiswa katika kopo, hasa wakati wa kupanda na mzigo. Tunasema moteri inagonga. Kugonga kidogo mara moja hakuiui moteri. Kugonga kwingi kwa muda mrefu hutoboa pistoni, huharibu buji, na huchoma jointi iliyo kati ya silinda na kichwa cha moteri.

Oktani ni namba inayoonyesha esansi inavumilia kubanwa kiasi gani bila kulipuka yenyewe. Namba ikiwa kubwa, uvumilivu ni mkubwa. Ni hayo tu. Namba hiyo haipimi nguvu ya esansi wala usafi wake.

Zamani namba hiyo ilipandishwa kwa kutia risasi ndani ya esansi. Njia hiyo ilivumbuliwa Marekani mwaka 1921 na Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Motors. Ilisaidia moteri, ikadhuru watu, maana risasi iliyotoka na moshi iliingia katika damu, na watoto ndio walioumia zaidi, hasa katika akili. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha mwishoni mwa mwaka 2005, na Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Tunakumbusha habari hii kwa sababu moja: kupandisha au kushusha oktani ni kazi ya kiwanda, si kazi ya uwanja wa nyumba. Hata wakubwa wa kiwanda walikosea wakaumiza watoto wa dunia nzima.

SHOFERE WA KWANZA: «HEWA NI NYEPESI»

Ni kweli kwamba hewa ya juu ni nyepesi. Kila mara silinda inapovuta hewa Butembo, inapata pungufu ya ile ya Kisangani kwa karibu moja ya nane. Hewa ikipungua, mbano wa ndani hupungua, joto hupungua, na moteri haigongi kwa urahisi. Basi moteri ile ile inaweza kutosheka na oktani ndogo kidogo inapokuwa juu.

Ni ndogo kwa kiasi gani? Hapo lazima tutenganishe motokari za zamani na za sasa.

Motokari ya zamani, yenye karbirateri na delko, haina akili ya kujipanga. Kwa kila metre 300 za kupanda, haja yake ya oktani hupungua kwa pointi 1 mpaka 1 na nusu. Kutoka Kisangani mpaka Butembo hiyo ni kama pointi 4 mpaka 6.

Motokari ya sasa ina kompyuta inayopima hewa na kupanga cheche yenyewe ili kuitumia hewa iliyopo vizuri. Kwake upungufu ni mdogo sana: chini ya nusu pointi kwa kila metre 300. Kutoka Kisangani mpaka Butembo haifiki pointi 2 na zaidi kidogo. Hesabu ya zamani haimfai mwenye motokari hii.

Motokari yenye turbo haimo kabisa katika hesabu hiyo. Turbo ni pampu inayosukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu. Hewa ya nje ikipungua, turbo inaongeza kazi na kurudisha ile iliyokosekana. Kwa motokari hiyo ni kana kwamba mlima haupo. Mpe oktani ya kitabu chake, chini na juu.

Jambo kubwa kuliko hayo yote ni hili: wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka. Motokari ya Kabondo hairithi nyumba Butembo. Konji ikiisha inarudi. Ukijaza tanki kule juu esansi ya oktani ndogo, utateremka nayo mpaka msituni, penye hewa nzito na joto, pengine na magunia ya maharagwe na viazi nyuma. Esansi iliyovumilia mlimani itaanza kugonga Mambasa au Bafwasende.

Kuna kosa la namna hiyo hiyo upande wa delko. Fundi wa milimani huweza kuisogeza delko ya motokari ya zamani ili cheche itoke mapema zaidi, na motokari ikapanda vizuri. Ni ufundi halali. Lakini ukishuka bila kuirudisha mahali pake, moteri itagonga hata kama esansi ni njema. Mwambie fundi aweke alama ya mahali ilipokuwa, na umwombe fundi wa chini airudishe.

Shofere wa kwanza, basi, tumjibu hivi: usichague oktani kwa kimo cha mahali unapojaza. Chagua kwa mahali pa chini kabisa, penye joto kabisa, na kwa mzigo mkubwa kabisa utakaobeba kabla ya kumaliza tanki hiyo. Kwetu mahali hapo ni Kisangani.

SHOFERE WA PILI: «TIA SUPER»

Huyu anafikiri namba kubwa ni nguvu kubwa. Sivyo. Ikiwa moteri ilitengenezwa kwa 91 na haigongi, kuitia 95 hakuiongezei kitu. Ni kama kumvalisha mtu kofia mbili ndani ya mgodi: kichwa hakiwi kigumu zaidi.

Mlimani motokari huonekana dhaifu kwa sababu hewa imepungua, si kwa sababu esansi ni mbaya. Ukipata hewa pungufu kwa moja ya nane, utapata nguvu pungufu kwa kiasi hicho hicho, hata ukitia esansi ya ndege. Dawa iko mkononi na mguuni: punguza mzigo, rudi vitesi ya chini mapema, usikanyage mpaka mwisho huku moteri ikizunguka polepole. Ukisikia kugonga, legeza mguu na ushuke vitesi moja. Mara nyingi kelele hukoma.

Namba sahihi utaisoma wapi? Katika kitabu cha motokari, au ndani ya kile kifuniko kidogo cha tanki. Pameandikwa mara nyingi RON 91, RON 95 na kadhalika. Lakini angalia: namba za Marekani hupimwa kwa hesabu nyingine. 87 ya Marekani ni karibu sawa na RON 91 au 92. Katika miji ya milimani ya Marekani, kama Denver iliyo kwenye metre 1,600, huuzwa esansi ya 85 kwa hesabu yao, na desturi hiyo ilianza siku za karbirateri. Hata kule, watengenezaji wa motokari za sasa wengi huwaambia watu wafuate kitabu, si kimo. Motokari nyingi zinazofika kwetu zimetumika kwanza ng'ambo. Ukiona namba, tazama kama pembeni pameandikwa RON au hapana, kisha umwulize fundi.

SHOFERE WA TATU: «NITAONGEZA PETROLI»

Hapa ndugu tunaomba usikilize kwa masikio yote mawili.

Shofere huyu amesikia kwamba mlimani oktani ndogo inatosha. Akasema moyoni: basi nikichanganya petroli kidogo, oktani itashuka, na mlima utanisamehe. Petroli ina oktani ya chini mno, na haigeuki mvuke upesi. Moteri itagonga, itatoa moshi, na sehemu ya petroli isiyoungua itateremka na kuharibu mafuta ya kulainisha. Hiyo ni hasara ya moteri.

Hasara kubwa iko nyumbani. Safari ikiisha, mchanganyiko uliobaki katika bido huwekwa pembeni ya mlango. Umeme ukikatika usiku, mama au mtoto huchukua bido, ananusa harufu ya petroli, anajaza taa.

Angalieni tofauti. Petroli njema ya taa haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ipate joto la digri 38 au zaidi. Esansi hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya digri 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Kongo haijaiona. Ndiyo maana petroli katika taa hupanda utambi kwa utaratibu, lakini esansi hujaza tumbo la taa kwa mvuke na kungoja moto. Na si lazima iwe esansi nyingi: kiasi kidogo ndani ya petroli kinatosha kuigeuza taa kuwa bomu mezani, watoto wakiwa wamezunguka na madaftari ya shule.

Tena kuna mtego wa lugha. Sisi tukisema «petroli», ni mafuta ya taa. Jirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania wakisema «petroli», ni esansi ya motokari. Bido zinavuka mpaka pamoja na majina yao. Mtu akileta bido kutoka mashariki na kusema «hii ni petroli», usiulize jina, uliza kazi yake: «Ni ya taa au ya moteri?» Akisitasita, usiitie katika taa.

Ukinunua kwa Kadhafi wa barabarani, kwa chupa, huwezi kujua oktani kwa macho wala kwa pua. Lakini kuna jaribio dogo la kuvumbua mchanganyiko. Nenda nje, mbali na moto na sigara. Dondosha matone mawili ya esansi juu ya karatasi nyeupe, ungoje. Esansi safi hukauka bila kuacha doa. Ikibaki doa la mafuta, imechanganywa na petroli au mazuti. Jaribio hili halionyeshi namba ya oktani, linakuonya tu.

HATARI TATU ZA NJIANI

Kwanza, bido. Bido ya esansi iliyofungwa kwa nguvu Kisangani ikifika milimani huvimba, maana hewa ya nje haiisukumi tena kama ya chini. Ukiifungua ghafula, mvuke na esansi hukurukia usoni. Iache ipoe kivulini, simama upande ambao upepo unatoka, legeza kifuniko kidogo kidogo. Usibebe bido ndani pamoja na abiria. Usiijaze mpaka mdomoni.

Pili, mvuke ndani ya tiyo. Kwa motokari ya zamani, kupanda kwenye jua kali huweza kuchemsha esansi ndani ya tiyo kabla haijafika karbirateri, na moteri ikazimika. Wengine humkalisha kijana juu ya moteri na chupa, amimine esansi karbirateri kwa mkono huku motokari inakwenda. Ndugu, huko ni kumtuma mtoto wa mtu motoni. Simama, fungua kifuniko cha mbele, weka kitambaa chenye maji juu ya pampu ya esansi na tiyo yake, ungoje nusu saa.

Tatu, kunyonya esansi kwa mdomo kwa kutumia mpira. Tone chache zikiingia katika mapafu huweza kuleta ugonjwa mkali wa kifua, na mtu akafa. Tumia pampu ya mkono. Ikiwa mtu amemeza, USIMTAPISHE. Usimpe mafuta ya mawese wala maziwa. Kutapika ndiko kunakoipeleka esansi mapafuni. Mpeleke mara moja dispensari, hata kama anasema hasikii kitu, maana kikohozi na kukosa pumzi vinaweza kuja saa kadhaa baadaye.

Na kama moto umetokea: zima kwa mchanga au kwa chombo cha kuzimia, si kwa maji, maana esansi huelea juu ya maji na kusambaza moto. Aliyeungua, mwagie maji safi ya kawaida mahali palipoungua kwa dakika 20. Usipake mawese, majivu wala dawa ya meno. Kisha dispensari.

TUKUMBUKE

1. Oktani ni ile ya kitabu cha motokari. Mlima haubadilishi kitabu.

2. Kama umelazimika kujaza oktani ndogo milimani, jaza ya kukufikisha pompi nyingine tu, usijaze tanki nzima ya kushukia. Shuka polepole, mzigo uwe mwepesi.

3. Motokari yenye turbo haipewi ruhusa hiyo.

4. Delko iliyosogezwa juu irudishwe chini.

5. Petroli haiingii tanki la esansi, esansi haiingii taa. Kilichochanganyika hakiingii popote nyumbani: kipeleke garaji kwa fundi wa kazi, wala usimuuzie mtu.

6. Bido ya esansi iwe na rangi yake na alama yake, ikae nje, imefungwa, mbali na jiko na mikono ya watoto. Bido ya petroli ya taa iwe nyingine kabisa, na isigeuzwe kazi hata siku moja.

Shofere, namba iliyoandikwa chini ya kifuniko cha tanki inakuhusu wewe. Alama iliyo juu ya bido inamhusu mke wako, watoto wako na jirani yako wa Kabondo. Leo jioni, kabla ya giza, toka uwanjani uangalie bido zako. Ile usiyojua kilichomo, usiiache mahali mtoto atakapoifikia akitafuta mafuta ya taa.